Nilidhani ninajua sufuria ilivyo

Mpenzi msomaji, hebu weka gazeti hili kando kwa dakika moja tu, utafute kalamu na kipande cha karatasi, kisha uchore sufuria. Sufuria ya kawaida, ile ya ugali, ikiwa juu ya meza. Usichungulie ya jirani.

Umemaliza? Naam. Bila shaka umechora mdomo wake ukiwa mviringo uliobanwa, kama yai lililolala, halafu kule chini ukapiga mstari ulionyooka twaa. Mimi pia nilichora hivyo. Nilichora hivyo mbele ya mwalimu na wanafunzi wenzangu kumi na watatu, mtu mzima wa miaka thelathini na saba, mama wa mtoto mmoja, mwandishi wa makala anayejigamba kwamba macho yake hayapitwi na jambo. Mwalimu akaja nyuma yangu, akatazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mama, kama unauona huo mdomo wa mviringo, basi unaitazama sufuria kutoka juu. Sasa mbona kule chini unaitazama kama uliyelala sakafuni?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, cha aibu. Kisha nikabisha. Nikamwambia mwalimu kwamba kitako cha sufuria ni bapa, kila mama ajua, kisingekuwa bapa mchuzi ungemwagika. Akanijibu kwamba hakuniuliza ninachokijua, aliniuliza ninachokiona. Kitako cha sufuria kiko chini zaidi ya jicho langu kuliko mdomo, kwa hivyo ukingo wake hupinda, tena hupinda zaidi ya mdomo wenyewe. Nilirudi nyumbani Jumamosi hiyo nikazipanga sufuria zangu zote mezani, nikaketi mbele yake hadi binti yangu akaniuliza kama ninaumwa. Kitako kilikuwa kimepinda. Kumbe kimekuwa kikipinda miaka yote ninayopika!

Yawezekana unajiuliza mama mzima alikuwa akitafuta nini darasani pamoja na penseli na vifutio. Hilo lina hadithi yake.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, binti yangu alikuwa ameingia Gredi ya 9. Wazazi wenye watoto wa umri huo watakumbuka jinsi mwaka ule ulivyokuwa. Wanetu ndio waliokuwa wa kwanza chini ya mtaala mpya, na kabla ya kwenda shule ya sekondari ya juu mwezi Januari 2026 ilibidi kila mmoja achague mkondo: Sayansi na Teknolojia, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Jioni moja tukiwa mezani nilimuuliza binti yangu anafikiria nini. Hata tonge hakumeza.

"Sanaa, Mama. Kuchora."

Nami, bila kufikiri hata kidogo, nikamjibu: "Na utakula nini?"

Msomaji wangu, sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba yangu. Maneno yalikuwa yale yale, hata ule mkato wa mwisho. Nilijisikia vibaya usiku kucha.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa na daftari la michoro. Nilichora kila kitu: ng'ombe wetu, mawe matatu ya mekoni, nyanya yangu akichambua maharagwe, kinu cha kahawa cha chama cha ushirika ambako baba alikuwa karani. Mwalimu wa shuleni alikuwa ameniambia nichukue somo la Sanaa na Ubunifu hadi mtihani wa KCSE. Nilipomweleza baba, aliomba alione daftari. Alilipitia ukurasa baada ya ukurasa bila kusema neno, nami moyoni nikafurahi, nikidhani anapendezwa. Kisha akainuka, akaenda mekoni, akalitia motoni. "Picha haziliwi," alisema, akarudi kusikiliza taarifa ya habari. Nilichukua Biashara badala ya Sanaa. Nikapata gredi ya wastani, nikaenda chuo cha uanahabari, nikapata diploma. Sijutii kazi yangu. Lakini tangu siku ile sikuchora tena hata ua kwenye kadi ya siku ya kuzaliwa.

Basi usiku ule wa "utakula nini" nikaona nina deni. Ningewezaje kutia sahihi, au kukataa kutia sahihi, juu ya jambo nisilolijua? Ofisini mhariri alikuwa ametaka makala kuhusu vyuo vinavyofundisha sanaa. Nikaenda kumhoji mwalimu mmoja jijini. Nilitoka pale na risiti ya karo mkononi badala ya makala. Ilikuwa kozi ya mwanzo, majuma kumi na mawili, kila Jumamosi, na karo yake ilikaribia kodi ya nyumba yangu ya mwezi mzima. Chuo chenyewe sitakitaja, msije mkadhani nimelipwa kukitangaza.

Saa tatu hadi saa tano u nusu tulichora. Tukanywa chai. Kisha mapazia meusi yakafunikwa madirishani, nasi tukasoma historia ya sanaa kwa picha zilizomulikwa ukutani, hadi njaa ituzidi. Darasani mlikuwa na mchanganyiko wa kila aina: vijana waliomaliza kidato cha nne, mzee mmoja wa Kilifi aliyestaafu ukarani wa benki, muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, na kijana mmoja wa Eastlands ambaye kazi yake ni kupamba matatu. Kijana huyu angeweza kuchora herufi ndefu kuliko mtu, kwa mkono mtupu, bila rula. Lakini alipoambiwa achore kigoda kilichokuwa mbele yake, alikwama kama sisi sote. Hilo lilinipa faraja kubwa, sitaki kudanganya.

Zoezi la kwanza kabisa lilikuwa kuchora mkono wako wa kushoto kwa dakika kumi bila kuitazama karatasi na bila kuinua penseli. Macho yako yatambae juu ya ukingo wa kila kidole kama mdudu, na penseli ifuate. Mkono wangu ulitokea kama kipande cha tangawizi. Hata hivyo mwalimu alituonyesha mahali pamoja, kwenye kifundo cha kidole gumba, ambapo mstari wa kila mmoja wetu ulikuwa na uhai. Hapo, alisema, ndipo tulipoacha kukumbuka mkono tukaanza kuutazama.

Zoezi nililolipenda zaidi ni la kigoda. Tuliambiwa tusichore kigoda hata kidogo, tuchore matundu: nafasi iliyo kati ya mguu huu na ule, umbo la hewa iliyo chini ya kiti. Nilidhani mwalimu anatufanyia mzaha. Kumbe ukiyachora matundu kwa uaminifu, kigoda hujichora chenyewe, tena kikiwa sahihi kuliko ukikikabili. Sababu yake ni rahisi. Mguu wa kigoda una jina, na ukishalitaja jina akili hukuletea mguu uliouzoea tangu chekechea. Tundu halina jina. Huna la kukumbuka, inakubidi utazame tu.

Tulijifunza kupima kwa penseli: mkono unyooshwe kabisa, jicho moja lifumbwe, kidole gumba kikitambaa juu ya penseli kuweka alama. Tuliambiwa kwamba macho ya binadamu yako katikati ya kichwa, si juu kama tunavyoyachora wengi wetu. Jipime mbele ya kioo, utaona: kutoka utosini hadi kwenye macho, na kutoka kwenye macho hadi kidevuni, karibu ni sawa. Sisi huyapandisha juu kwa sababu paji la uso halitushughulishi. Na kichwa chote huingia katika urefu wa mtu mzima kama mara saba na nusu hivi. Wiki ile nilikuwa nikiwapima abiria ndani ya matatu kwa penseli hadi kondakta akaniuliza kama mimi ni wa kanjo.

Kuhusu makaa nisiseme mengi. Mwalimu alitueleza kwamba makaa ya kuchorea ni vijiti vikavu vilivyochomwa ndani ya kopo lililofungwa, lenye kitundu kimoja cha kutolea moshi, na kwamba moshi ukikoma yameiva. Nikaona nitaokoa pesa. Nikachukua kopo la kakao, nikaliweka juu ya jiko barazani kwetu, ghorofa ya tatu. Moshi ulipoanza kufuka, jirani wa juu akamwita mlinzi. Makaa yalitoka mazuri ajabu, lakini hadi leo jirani yule hunisalimu kwa mashaka.

Nacho kipindi cha rangi kilinigusa kwa namna nyingine. Utakumbuka, kama ulisoma shule zetu, ile kalamu ya nta tuliyoiita "rangi ya ngozi". Ilikuwa ya waridi. Darasa zima la watoto weusi likiazimana kalamu ya waridi ili kupaka nyuso za baba na mama! Mwalimu alitupa rangi tatu tu, nyekundu, manjano na buluu, pamoja na nyeupe, akasema kila mtu aitafute ngozi yake. Ilituchukua saa mbili. Yangu ilihitaji buluu nyingi kuliko nilivyodhani. Ya muuguzi ilikuwa na wekundu ndani yake. Mzee wa Kilifi alipaka tone dogo nyuma ya kiganja chake, nasi hatukuliona.

Baada ya kila kazi kulikuwa na uhakiki. Michoro yote hubandikwa ukutani, na sheria ni moja: hakuna kusema nzuri wala mbaya, sema unachokiona. Mimi niliyezoea kuhakiki riwaya nilidhani nitatamba. Siku ya kwanza mwalimu alisimama mbele ya mchoro wangu wa chupa na vitunguu, akaweka kidole kwenye kona ya chini kulia, akasema, "Hapa ulichoka." Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimewaza kuhusu matatu ya kurudi nyumbani. Miaka yote ya kuandika magazetini, hakuna mhariri aliyewahi kuniwekea kidole mahali hasa nilipochoka.

Sasa nije kwenye historia ya sanaa, ambayo kusema kweli niliiogopa. Nilidhani ni orodha ya Wazungu waliokufa. Nao walikuwepo, hatukuwakwepa. Tulianza kwenye pango la Lascaux kule Ufaransa, lililogunduliwa na vijana mwaka wa 1940, lenye mafahali na farasi waliochorwa yapata miaka 17,000 iliyopita. Lakini mara hiyo hiyo picha ikabadilika tukawa Kondoa, Tanzania, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2006. Mwalimu alipenda kuziweka picha mbili ubavu kwa ubavu na kunyamaza. Alituonyesha mchoro wa Picasso wa mwaka wa 1907, wale wanawake watano wenye nyuso kama zilizochongwa kwa shoka, na kando yake vinyago vya Afrika vya aina alivyoviona Picasso mwaka huo huo katika jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris. Hakuhitaji kueleza. Kisha shaba za Benin, na mwaka wa 1897 ambapo jeshi la Uingereza lilizibeba kutoka kasri la Oba.

Halafu kukatokea jambo ambalo sitalisahau. Ukutani palimulikwa vigango vya Wamijikenda, zile nguzo ndefu za mbao zilizochongwa kwa nakshi za pembetatu, na juu kichwa cha duara. Mwalimu akaanza kutueleza kuhusu nakshi, jinsi pembetatu zinavyopokezana na kumfanya mtazamaji apandishe macho. Mzee wa Kilifi akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Hiyo si sanaa. Huyo ni babu ya mtu."

Ukimya ukatanda. Mzee akatueleza kwamba kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mtu wa heshima katika chama cha wazee, na kikishasimamishwa hakihamishwi, hukaa hapo hadi mchwa na mvua zikimalize. Akasema alipokuwa kijana viliibwa usiku vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, na waliobaki waliandamwa na mikosi. Mwalimu hakubishana. Alizima mashine, akawasha taa, na kwa saa nzima tulizungumza. Alituambia kwamba vingi viliishia katika makumbusho ya Marekani, kwamba viwili vilirejeshwa Kenya mwaka wa 2007, na vingine thelathini vikarejea mwaka wa 2019 kutoka jumba la makumbusho la mjini Denver. Kijana wa matatu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalo lakini niliona haya kuliuliza: ikiwa aliyekichonga alijitahidi pembetatu zipendeze, kwani hakutaka kitazamwe? Mzee akafikiri. "Alitaka kitazamwe na watu wake," akasema. Tuliachana bila kukubaliana. Niliteremka ngazi nikiwa na kichwa kizito, nikijua kwamba hilo ndilo somo nililolilipia.

Tena nikajifunza habari za kwetu nilizopaswa kuzijua zamani. Kwamba shule ya sanaa ya Makerere ilianza mwaka wa 1937 kwa masomo ambayo Margaret Trowell, Mwingereza, aliyatoa kwenye baraza ya nyumba yake. Kwamba Gregory Maloba, Mkenya aliyepitia mikononi mwake, ndiye aliyechonga mnara wa uhuru wa Uganda uliosimamishwa Kampala mwaka wa 1962. Kwamba Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Uingereza mwaka wa 1971 kuendeleza masomo ya michoro ya matangazo, akakutana na udongo, na leo mitungi yake imo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani. Wazazi wenye haraka ya kuwachagulia watoto kazi na wamfikirie huyo.

Aliyenikaa moyoni lakini ni Rosemary Karuga. Alizaliwa mwaka wa 1928, akasoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakati wanawake waliofika pale walikuwa wa kuhesabika. Aliporudi nyumbani akawa mwalimu wa shule ya msingi. Akaolewa, akalea, akalima. Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Ndipo katika miaka ya themanini, akiwa bibi mtu mzima na asiye na pesa za rangi, akaanza kukata karatasi za kufungia sabuni na pakiti za unga, akizibandika kipande kwa kipande hadi zikawa kuku, wanawake, mashamba. Mwaka wa 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York. Alifariki mwaka wa 2021. Picha yake ilipomulikwa ukutani, ile ya karatasi za sabuni, nilishukuru kwamba mapazia yalikuwa yamefungwa.

Kazi ya mwisho katika historia ya sanaa ilikuwa hii: chagua mchoro au sanamu uliyoiona kwa macho yako, si kwenye simu, ukae mbele yake nusu saa bila kuandika lolote, kisha uandike kurasa tatu. Katika uchoraji tulitakiwa tumchore mtu mmoja wa nyumbani, michoro mitano. Nikaona nitaua ndege wawili kwa jiwe moja. Nikapanda gari la Murang'a.

Pale mjini Murang'a kuna kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Ndani yake kuna michoro mitano mikubwa ya ukutani inayoonyesha maisha ya Yesu. Aliichora Elimo Njau mwaka wa 1959, kijana wa Kichaga wa miaka ishirini na saba hivi aliyekuwa ametoka Makerere, ambaye baadaye, mwaka wa 1965, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa hapa Nairobi. Yesu ni Mwafrika. Watu ni Waafrika, na mandhari ni ya kwetu. Nimekwenda pale kwa harusi na kwa mazishi tangu utotoni, na nikiulizwa ningesema, "Ndiyo, kuna picha," basi.

Baba aliomba tuandamane. Sasa ana miaka sabini na sita, mkongojo mkononi, lakini masikio na ulimi ni vizima. Mimi ndiye nilipewa jina la mamake, kwa hivyo huniita "maitu", mama yangu, hata anaponikaripia. Nilimweleza sheria: nusu saa, hakuna kusema. Dakika tano za kwanza alikohoa, akapangusa miwani, akatazama saa. Kisha akatulia. Nilipomtupia jicho baadaye, kichwa chake kilikuwa kimeinamia upande mmoja na midomo ikitembea kama mtu anayehesabu.

"Maitu," akanong'ona, sheria keshaivunja, "vile vilima vya nyuma ni vya huku. Aliyevichora alisimama mahali akavitazama."

"Ndiyo, Baba."

"Nilikuwa mtoto wa miaka kumi alipokuwa akichora. Tulikuwa kijijini, tumezungushiwa mahandaki. Tulisikia tu kwamba kuna Mchaga anapaka ukuta. Nimeabudu hapa miaka yote hii, na vilima sijaviona hadi leo."

Tukaenda kunywa chai kwenye hoteli iliyo karibu. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza. Nilimuuliza kama anakumbuka daftari. Nilitaraji aseme lipi hilo.

"Hayakuwa moja," akanijibu. "Yalikuwa mawili. La pili nililikuta chini ya godoro lako wiki ile ile."

La pili! Miaka zaidi ya ishirini nilidhani nililipoteza shuleni.

Alikoroga chai ambayo sukari ilikwisha kuyeyuka zamani. Akasema mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya, chama kilikuwa na madeni, na yeye karani alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano. Wakulima walikuwa wakija ofisini kumtukana, kana kwamba yeye ndiye aliyeziangusha bei. Akasema alipoona zile picha aliona ni nzuri. "Ndiyo sababu," akasema. "Zingekuwa mbaya ningekuachia, ungechoka mwenyewe. Niliogopa." Hakuomba msamaha, nami sikumdai. Aliita mhudumu akalipa chai, jambo ambalo huwa haniruhusu nilifanye.

Alasiri ile nilimchora. Aliketi chini ya mwembe saa mbili nzima bila kulalamika, akishika mkongojo kama askari wa gwaride. Nilianza na matundu: nafasi iliyo kati ya mkono na kiuno, kati ya mkongojo na mguu. Uso niliuacha hadi mwisho, na macho niliyashusha hadi katikati kama nilivyofunzwa. Sikio ndilo lililonishinda. Nililifuta hadi karatasi ikatoboka. Alipoomba kuona, alizipitia zote tano, moja baada ya nyingine, bila kusema neno, nami nikajikuta nimekodoa macho kuelekea mekoni ulikotoka moshi.

"Sikio hili si langu," akasema, akanirudishia.

Nilirudi Nairobi, nikaandika kurasa zangu tatu. Nilipata alama sitini na nne, na maelezo ya mwalimu kwamba niliandika vizuri kuhusu vilima na vibaya kuhusu watu.

Mwezi wa sita shule ilitaka jibu. Nilikuwa nimeuliza maswali yote ambayo mzazi anaweza kuuliza. Nilikuwa nimeambiwa kwamba si kila shule iliyo karibu nasi ina walimu na vifaa vya mkondo huo. Nilikuwa nimeambiwa kuhusu kazi za kubuni matangazo, vitabu, nguo na filamu za vibonzo, na pia nikaambiwa bila kufichwa kwamba wapo wengi waliohitimu na sasa wanauza mitumba. Kijana wa matatu, niliyemuuliza pembeni, alicheka akasema yeye hula vizuri miezi ya Novemba na Desemba, miezi mingine hula. Nilimketisha binti yangu nikamweleza yote hayo, pamoja na habari ya madaftari mawili, ambayo sikuwahi kumsimulia. Alisikiliza. Kisha akauliza kama Guka ni yule yule anayempa peremende.

Tulichagua Sanaa. Mkono wangu ulitetemeka kidogo, na sitajifanya kwamba umeacha.

Jioni hiyo nikampigia baba simu. Nilimwambia tumechagua nini, nikangoja. Kimya kilikuwa kirefu hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Wewe ndiwe mzazi wake," akasema mwishowe. "Mimi langu nilikwisha kulifanya." Kisha akauliza: "Na zile picha zangu ziko wapi?"

"Ziko chuoni, Baba. Hawajaturudishia."

"Waambie wazirudishe," akasema. "Niletee hapa. Hata ile ya sikio. Nina sanduku la bati, nimekwisha kuondoa karatasi za chama."